Mapenzi na Mahali pa Kuzikwa

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Sawa. Lakini hawakutuambia kwa nini mtu akishapenda huwa tayari kupoteza mali, jina na hata jamaa zake kwa sababu ya mtu mmoja tu. Katika mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, wavulana fulani wa kidato cha nne (sitawataja, wanajijua) walishikilia ati kila anayejitolea kwa mpenziwe ana kitu anachokitarajia. Yaani ni biashara. Mimi, ndugu msomaji, sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu hauko mbali. Ukisimama hapa Mutuini asubuhi isiyo na ukungu unaviona vilima vya Ngong. Upande huohuo ndiko kuliko na Upper Matasia.

Huko wakili Silvano Melea Otieno alikuwa na shamba. Mkewe alikuwa Virginia Wambui Waiyaki, Mkikuyu wa ukoo mashuhuri, mwanamke aliyewasaidia Mau Mau hapa Nairobi na akawahi kuwekwa kizuizini Lamu. Walioana mwaka wa 1963. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, Wambui alisema marehemu alitaka kuzikwa Matasia. Ukoo wa Umira Kager, pamoja na nduguye marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ukasema la, Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Basi wakashtakiana. Kesi ikasomwa magazetini kila siku, hata mwanafalsafa Odera Oruka akaitwa kortini kueleza mila. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na tarehe 23 Otieno akazikwa Nyalgunga. Tangu afe zilikuwa zimepita siku 154. Wambui hakwenda mazishini.

Sasa niambieni, enyi wanabiashara wa kidato cha nne, maiti humlipa mtu nini? Mtu aliye hai unaweza kumtendea wema ukingoja akurudishie. Aliyekufa hawezi hata kukwambia asante. Wambui alikaa kortini miezi na miezi, mambo ya nyumba yake yakichambuliwa mbele ya watu, na mwishowe akashindwa. Kama hiyo ni biashara, basi ni hasara tupu.

Nionavyo mimi, hakuwa akihesabu kwamba anatoa kitu. Alikwisha kutoa zamani, siku ile ya 1963 alipokubali kuwa mke wa mtu wa kabila jingine. Yaliyofuata yalikuwa kulinda nyumba waliyoijenga wawili. Nao upande wa pili tusiwaonee jamani. Ndugu naye alimpenda nduguye, naye alipigania alichoamini kuwa haki ya marehemu.

Nasema haya kwa sababu yametufikia nyumbani. Dada yangu mkubwa anachumbiwa na kijana wa kutoka Ugunja. Shosho aliposikia hakuuliza kijana anafanya kazi gani wala kama anakunywa pombe. Aliuliza, "Na ukifa, utazikwa wapi?" Dada akajibu, "Shosho, nina miaka 24, mbona unanizika mapema hivyo?" Tulicheka sote isipokuwa shosho. Yeye aliifuata kesi ile kwenye redio tangu mwanzo hadi mwisho, na hajaisahau. Tangu siku hiyo hazungumzi na dada. Dada ndiye aliyelelewa na shosho, alilala kitanda kimoja naye mpaka darasa la sita, kwa hivyo msifikirie ni jambo dogo analolipoteza.

Hata hivyo si kila kujitolea ninakokusifu. Kuna msichana anayeacha masomo kwa kuwa mvulana amemwambia, "Kama kweli unanipenda, thibitisha." Huko si kujitolea, huko ni kutozwa ushuru! Kijana wa Ugunja hajamwambia dada achague kati yake na shosho. Ameomba wangoje hata mwaka mzima, shosho apoe kwanza. Dada ndiye aliyekataa kungoja.

Wambui naye hakuishia pale. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na Peter Mbugua, fundi wa mawe mdogo wake kwa karibu miaka 40. Nchi nzima ilicheka, na wengi walisema kijana amefuata mali. Waliishi pamoja mpaka Wambui alipofariki mwaka wa 2011. Nilipomtajia shosho habari hiyo alisonya, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo mama hakuogopa watu." Sijui kama ilikuwa sifa au lawama.

Wageni wa Ugunja wanakuja Desemba. Shosho amesema siku hiyo hatatoka chumbani kwake. Dada amesema watakuja vivyo hivyo, nami nimepewa kazi ya kuazima viti kwa majirani.