Ahadi Ni Deni

Tangu shule ya msingi nimeandika "Ahadi ni deni" katika daftari zangu mara nyingi, na kila mara mwalimu alinipa alama ya vema. Lakini maana yake niliipata likizo ya Juni iliyopita, tena si darasani, bali jikoni kwa mama yangu, mjini Singida.

Mdogo wangu wa mwisho ana umri wa miaka 6. Mwezi wa Januari, siku moja kabla sijarudi bwenini, tulipita katika duka moja, naye akaona chupa pana yenye chokoleti laini ya kupaka, iliyochanganywa na kokwa za hazeli. Akasimama, asitake kuondoka. Nami, ili nimnyamazishe, nikamwambia, "Shule ikifungwa nitakununulia, tutapaka kwenye keki za ndizi." Akanyamaza, lakini hakusahau. Mama aliniambia kwamba kila Jumapili alikuwa akiuliza zimebaki Jumapili ngapi.

Juni ikafika, mfukoni sina kitu. Fedha kidogo nilizokuwa nazo zilikwisha kwa sabuni na daftari. Nilipouliza bei dukani, nikaona yapita faida apatayo mama kwa siku nzima ya kuuza ndizi sokoni. Basi nikafanya hila. Rafiki yangu mmoja alikuwa na chupa tupu ya namna ile ile, nayo bado ina karatasi yake. Nikaiomba, nikaiosha, nikasema moyoni: "Nitaijaza karanga na kakao. Mtoto hatajua."

Mama alipokwenda sokoni, nilikaanga kikombe kimoja cha karanga, nikazipepeta maganda, nikazitwanga kinuni. Kwanza huwa unga, kisha huwa donge, na ukivumilia kutwanga hutoa mafuta yake zenyewe, zikalainika. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitia asali, nikidhani kwa kuwa mkoa wetu wasifika kwa asali, haiwezi kuharibu kitu. Kumbe asali ina maji ndani yake, na maji hayapatani na mafuta ya karanga. Mara zikakaza kama udongo wa kufinyangia. Donge lile nililila mwenyewe nyuma ya nyumba, ushahidi usionekane. Nikaanza upya, nikatia sukari iliyotwangwa laini, vijiko 3 vya kakao, chumvi kidogo, na mafuta ya alizeti kidogo kidogo mpaka ikawa laini ya kupakika.

Keki nazo sikuzigharamia sana. Ndizi zikiiva hata ganda likawa jeusi hazina mnunuzi sokoni, na kwa mama hiyo ni hasara. Lakini kwa keki ndizo bora, maana utamu wake umezidi. Niliponda 4, nikachanganya na mayai 2, nusu kikombe cha mafuta ya alizeti, nusu kikombe cha asali, vikombe 2 vya unga wa ngano na vijiko vya chai 2 vya bekingi poda. Sikukoroga sana, kwa sababu unga wa ngano ukikorogwa mno keki huwa ngumu. Nikaugawa katika vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta, nikavipanga katika sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa nilichoma kijiti, kikatoka kikavu.

Jioni watoto wa jirani waliitwa. Mdogo wangu aliishika ile chupa kwa mikono miwili, akawaambia wenziwe, "Kaka kaninunulia dukani." Wakala, wakalamba vidole. Nilikuwa karibu kujipongeza. Mara akaja kuketi karibu nami, akaninong'oneza, "Kaka, basi fedha zako za sabuni umezimaliza kwa ajili yangu?" Kisha akakata keki yake vipande viwili, akanipa kile kikubwa.

Ndugu wasomaji, kipande kile hakikunipita kooni. Nikamwambia kweli yote: chupa ni ya kuomba, na kilichomo ni karanga zetu. Nilitazamia machozi. Yeye aliitazama chupa kwa muda, akauliza, "Kwa hiyo ikiisha tunaweza kutengeneza nyingine?" Nikamjibu tunaweza. "Basi hii ni bora," akasema, akarudi kucheza.

Niliporudi shule nilisoma habari iliyonishangaza. Mwaka 1946, baada ya Vita Kuu ya Pili, kakao ilikuwa adimu sana nchini Italia. Mwoka keki mmoja wa mji wa Alba, jina lake Pietro Ferrero, akaiongezea kakao yake kidogo kokwa za hazeli, ambazo zilikuwa tele katika nchi ya kwao. Mwaka 1964 mwanawe, Michele, akaitoa katika chupa kwa jina la Nutella. Kumbe kitu kile nilichokionea haya kukosa, chenyewe kilizaliwa kwa kukosa! Yeye alitumia hazeli za kwao; sisi tuna karanga na alizeti, na kakao yastawi kule Kyela, mkoani Mbeya.

Kosa langu, basi, halikuwa kutumia karanga. Kosa langu lilikuwa ile karatasi ya chupa. Kesho yake asubuhi mdogo wangu nami tuliiloweka chupa majini, tukaibandua karatasi, tukaitupa. Kisha tukaketi pamoja kumenya karanga, na safari hii alishika mchi yeye.