Shazia Mkononi mwa Mtoto

Ukitaka kwenda Mafia panda chombo Nyamisati. Utashuka Kilindoni. Kisha nenda kaskazini, vijiji vya Kanga na Bweni. Huko utawakuta akina mama wakisuka ukili. Watoto wamekaa kando yao.

Ukindu huanikwa, halafu huchanwa vipande vyembamba. Mwingine huchemshwa na rangi. Ukili husukwa mrefu sana. Kisha hushonwa ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa. Hapo ndipo penye kazi. Ukikaza mno, mkeka hujikunja. Ukilegeza, hufumuka. Jambo hili halielezeki kwa maneno. Mkono wenyewe ndio ujifunze, na mkono wa mtoto hujifunza upesi.

Lakini siku hizi mikeka ya plastiki imejaa madukani. Mtoto asipofundishwa sasa, nani atashona kesho?

Mwanzishe na msala, maana ni mdogo. Mfundishe akisharudi shule. Mvulana naye mwite. Kwani matanga ya majahazi hushonwa na nani? Si wanaume?

Akikosea, mfumulie, ashone tena. Mkeka wake wa kwanza usiuuze. Mwache aulalie.