Sehemu ya 7: Japani miaka 84, sisi 67. Maana yake nini?

Kuna dada aliniuliza wodini: "Nesi, nimesoma Mtanzania anaishi miaka 67. Baba yangu ana 66. Ndiyo basi tena?"

Hapana jamani! Huo ni wastani tu. Tuhesabu pamoja. Chukua watoto 10. Wawili wakifariki wachanga kabisa, na 8 wakafika miaka 80, wastani wao ni miaka 64. Lakini hakuna hata mmoja aliyekufa na miaka 64! Mzee aliyefika 66 keshavuka mengi, bado ana miaka yake mbele Mungu akijalia.

Pengo letu na Japani lina sababu nyingi: Ukimwi, kifua kikuu, presha, ajali, vifo vya uzazi. Ila hakuna kifo kinachovuta wastani chini kama cha mtoto, maana anaondoka na miaka yake yote. Kwao, katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanaofariki kabla ya miaka 5 hawafiki hata 4. Kwetu, utafiti wa afya wa 2022 ulikuta ni 43.

Usikate tamaa lakini. Utafiti wa 2004/05 ulikuta ni 112. Tumetoka mbali! Hata Wajapani hawakuanzia juu: mwaka 1947 wastani wao ulikuwa miaka 50 kwa wanaume na 54 kwa wanawake. Mwaka 1948 wakaanza kutoa kijitabu cha mama na mtoto. Ndiyo, ndugu yake kadi yako ya kliniki.

Sikulaumu, mama. Maji safi, barabara na dawa si kazi yako peke yako. Ila yaliyo mkononi mwako usiyaache:

1. Chanjo zote, kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.
2. Mtoto akiharisha, mpe ORS na uendelee kumnyonyesha. Zinki utakayopewa kituoni aimalize, hata kama kuhara kumekoma.
3. Mchanga akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua haraka au akipata degedege, usisubiri kesho. Usiku huohuo twende kituoni.

Nasema hivi kwa sababu wodini kwetu, saa chache tu zinaweza kutofautisha mtoto anayerudi nyumbani na asiyerudi.

Kadi ya mwanao iko wapi sasa hivi? Ifungue, angalia tarehe inayofuata.