Sari ya Durga

Niliwahi kuamini kwamba filamu isiyogharimu fedha nyingi haiwezi kuwa na thamani. Imani hiyo ilinitoka nilipoitazama Pather Panchali, filamu ya Kibengali ya mwaka 1955. Mwongozaji wake, Satyajit Ray, aliuza vitu vyake ili aianze, na serikali ya Bengali ya Magharibi ikamsaidia kuimaliza. Humo baba anarejea kijijini kutoka safari ndefu, amemletea bintiye Durga sari, wala hajui kwamba mtoto amekwisha kufariki. Mama anafungua kinywa kulia, lakini tunasikia ala ya muziki tu. Mimi nisiyejua Kibengali nililia pamoja naye.

Baadaye nilitazama Meghe Dhaka Tara (1960) ya Ritwik Ghatak, inayosimulia machungu ya wakimbizi wa Bengali iliyogawanywa mwaka 1947. Kisha Goopy Gyne Bagha Byne (1969), ambamo mwimbaji na mpiga ngoma wanazuia vita, hadithi iliyoandikwa na babu yake Ray. Zote zimechimbwa katika udongo wa nyumbani.

Ndugu wanafunzi, tusiuonee haya udongo wetu. Mgeni hukithamini kile ambacho mwenyewe amekithamini kwanza.