Alama Moja ya Sindano

Najua wengine watacheka wakisikia kwamba katika nyumba moja ya Bukavu paka alichomwa insulini asubuhi na jioni. Wengine watakasirika na kusema: «Watu wenyewe wanakosa dawa, nanyi mwampa mnyama!» Neno hilo ni zito, wala sitalikwepa. Lakini kwanza nieleze jambo lilivyokuwa.

Baba yetu ana ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi. Kila jioni hujichoma uniti 30 za insulini ile ikaayo mwilini muda mrefu, iitwayo glarjini. Paka wetu ni dume aliyehasiwa, mwenye miaka 11, adui wa panya wote wa ghala. Mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno, na kukonda ingawa alikula sana. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, akawa anakanyaga kwa kisigino. Baba alimtazama siku tatu, akasema: «Wanangu, ugonjwa huu naujua, ndio wangu.» Munganga wa wanyama alipima damu na mkojo, akathibitisha.

Hapo likaja swali la dawa. Chupa ya baba ina mililita 10, yaani uniti 1000, na ikiisha kufunguliwa haitumiki kupita siku 28. Katika siku hizo baba hutumia 840. Paka aliandikiwa uniti moja asubuhi na moja jioni, jumla 56. Zilizosalia zamani zilikuwa zikimwagwa. Baba mwenyewe akakata shauri: «Siku nitakayopungukiwa mimi, paka ataacha. Lakini kile tulichokuwa tukimwaga, acheni kimfae.» Tena akatukumbusha kwamba huko Toronto, mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best waliijaribu dawa hii kwa mbwa, ndipo Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, akachomwa. «Mnyama alitutangulia,» alisema. Sindano za paka zikawekwa mbali na zake, na sindano iliyomgusa mnyama haikurudi kamwe katika chupa. Vikaratasi vya kupimia damu tulivinunua sisi watoto kwa fedha zetu, na kazi ya kuchoma nikakabidhiwa mimi.

Kabla ya sindano ya kwanza, munganga alitugeuzia chakula. Paka ni mla nyama. Bugali na wali humpandisha sukari. Basi tukakomesha mabaki ya mezani, tukampa nyama, maini kidogo na sambaza za ziwa zilizochemshwa, mara mbili kwa siku, saa zile zile. Tena alituonya tusigeuze chakula baadaye pasipo kumwuliza, kwa kuwa chakula kikipunguza sukari na dawa isipopunguzwa, mnyama huanguka.

Tone la damu hutolewa ukingoni mwa sikio. Kwa munganga, paka akiwa amejaa hofu, mashine ilionyesha 390. Kesho yake nyumbani, akiwa ametulia, 310. Hofu peke yake humpandisha paka sukari. Na mashine ya watu, kama ile ya baba, mara nyingi huonyesha damu ya paka chini kidogo ya ukweli wake. Kwa hiyo tulitumia mashine ile ile siku zote, tukaandika kila namba katika daftari.

Juma la kwanza, namba ya asubuhi haikushuka chini ya 300. Mdogo wangu akachoka kungoja. «Yaya, ongeza! Alama moja ya sindano ni nini? Baba huchoma 30!» Nikamjibu kwamba baba ana kilo 72 na paka ana 5, tena insulini ya namna hii yahitaji siku kadhaa ili itulie mwilini. Munganga alikuwa amekataza kugeuza kipimo kabla ya juma kwisha, na hata hapo kwa nusu uniti tu. Sababu yake ni hii: hatari mbili za ugonjwa huu hazilingani. Sukari iliyopanda huumiza polepole. Sukari iliyoshuka mno yaweza kuua kwa saa chache.

Siku ya nane tulimpima kila baada ya saa mbili, tangu asubuhi hata jioni. Asubuhi alikuwa na 305. Saa sita baada ya sindano, 170. Jioni ikapanda tena. Kumbe dawa ilikuwa ikifanya kazi, na ile namba moja ya asubuhi haikuonyesha ila nusu ya habari. Munganga akaacha kipimo kama kilivyo.

Katika juma la saba, asubuhi moja, paka hakuja kwenye sahani yake. Nilimkuta akitetemeka na kuyumbayumba. Mashine ilisema 52. Sikumchoma. Nilimpaka asali kwenye ufizi, pasipo kummiminia kinywani asije akapaliwa. Alipopata nguvu nikampa chakula, nikapima tena na tena, kisha tukaenda kwa munganga. Yeye akafurahi. Alieleza kwamba kongosho la paka, likipumzishwa kwa chakula chema na insulini, laweza kuamka na kufanya kazi yake tena. Kipimo kikashushwa hadi nusu uniti, baadaye kikakomeshwa. Sasa anaishi bila sindano, nasi twampima kila juma, maana ugonjwa waweza kurudi. Laiti kipimo kingekuwa kimeongezwa kwa haraka, asubuhi ile tungemkuta amekufa.

Ninyi mlio na mgonjwa wa sukari nyumbani, msifuate vipimo vya paka wetu. Kila mgonjwa ana munganga wake na kipimo chake. Lakini daftari liwepo, asali iwe karibu, na mtu asiongeze dawa kwa sababu ya namba moja iliyomtisha. Na ninyi mliokasirika, jueni kwamba baba hakupungukiwa hata uniti moja. Tena amefaidika: zamani namba zake hazikuandikwa na mtu, sasa watoto wake wote wajua kuzisoma, na mdogo wangu ndiye azichungaye kuliko sisi wote.