"Kaka, Yule Amepumzika"

Agosti 2014 mchekeshaji wa Marekani, Robin Williams, alipojiua, mimi nilikuwa Musoma nikiituma habari ile kwenye simu za watu kama umbea mwingine. Mdogo wangu aliyekuwa Bunda akanijibu: "Kaka, yule amepumzika."

Usiku sikulala. Alfajiri nikapanda Hiace. Nikamkuta kajifungia ndani, kazi hana, madeni yamemzidi. Nikamuuliza waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Akalia. Tukaenda hospitali pamoja. Leo yuko Butiama, analima, na ana mchumba.

Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa kuanzia Agosti hadi Desemba 2014, Wamarekani waliojiua walizidi matarajio kwa watu 1,841. Lakini Kurt Cobain alipojiua 1994, mjini Seattle alikoishi idadi haikupanda. Kule vyombo vya habari vilitaja pia pa kupata msaada, na waliopiga simu kuomba msaada wakaongezeka.

Basi staa mwingine akifa hivyo, usisambaze picha wala jinsi alivyokufa. Mtafute rafiki yako aliyenyamaza, umuulize. Usiogope, swali lako halimpandikizii wazo hilo. Mdogo wangu anasema alikuwa akilisubiri.