Msome Bwana Msa Polepole

Mpwa wangu,

Mamako ameniambia kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale umekiachia katikati. Eti mpelelezi wake, Bwana Msa, anapiga soga mno, na wewe umezoea Willy Gamba wa Elvis Musiba, mtu wa bastola na ndege. Sikulaumu. Gamba ana utamu wake. Lakini usimpime Bwana Msa kwa mbio.

Kiko chake, pamoja na sahibu wa kufuatana naye, Najum, mwandishi Muhammed Said Abdulla kavitoa kwa Sherlock Holmes, aliyeanza kusomwa Uingereza tangu 1887. Hilo halina ubishi. Soga lakini ni zetu, nazo ndizo kazi yenyewe.

Tazama kisa. Bwana Ali, mtu mwenye mali zake, anakutwa maiti mzimuni, na majibu watu wanayo tayari: ni kazi ya mzimu. Sisi wa Bagamoyo tusiwacheke. Nenda Kaole leo: wamo wanaoomba kwenye kaburi la Sharifa, na wamo wanaouzunguka mbuyu wa hapo ili wazidishiwe umri. Adabu ya mahali penye wafu ishike, wala usimbeze aliyekuja na shida yake. Ila mtu akiuawa hapo, mambo ni mengine. Mzimu haurithi shamba wala hauoni wivu wa ndoa. Watu wakiafikiana upesi kwamba ni kazi ya wasioonekana, jiulize ni nani atakayepumua maswali yakikoma. Tena uliza kwa upole, maana ukianza kwa kejeli hakuna atakayekufungulia mlango.

Muhammed Said Abdulla milango aliijua. Mzaliwa wa Makunduchi, 1918, alikuwa bwana afya kabla ya kushika uhariri wa gazeti la Zanzibari mwaka 1948. Bwana afya hupita mpaka uani, akaona ambayo mgeni wa barazani haoni. Nadhani upelelezi wa Bwana Msa ulianzia huko, wala si London. Kitabu kilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957-58, kikachapwa 1960.

Sasa hizo soga. Katika hadithi zake siri kubwa mara nyingi imejificha katika nasaba: nani mtoto wa nani, nani alilelewa kwa nani, ndoa gani haitajwi mbele ya wageni. Mambo hayo hayatoki kwa kitisho wala kwa alama za vidole. Hutoka kahawa ikinywewa, mtu akajisahau akataja jina la shangazi ambaye hakupaswa kutajwa. Wewe uliruka kurasa hizo ukitafuta muuaji, ukampita mlangoni! Jina lake silisemi.

Kasoro anazo. Sadfa zimezidi, na mwisho Bwana Msa anafafanua kwa kirefu hata mimi mzee hutamani anyamaze. Basi vumilia. Afadhali huyo kuliko mpelelezi anayeota jibu.

Nakusisitizia haya kwa sababu unasomea sheria. Utaletewa kesi za mashamba ya minazi huku kwetu, mwenye kuuza si mwenye kurithi, na kila upande una mashahidi walioapa. Karatasi utazisoma, ni wajibu wako. Lakini kabla hujasimama mbele ya hakimu, kaa na bibi wa familia ile, mwache aseme anavyotaka, usimkatize hata akirudi nyuma mpaka kwenye harusi ya zamani. Anaporudi nyuma ndipo pa kusikiliza.

Kitabu kianze upya. Chukua penseli, kila anayetajwa andika pembeni ni nani kwa nani. Ukimaliza tafuta Kosa la Bwana Msa, la 1984, kisha uniandikie, na uniambie kweli: muuaji wa Bwana Ali ulimjua ukurasa wa ngapi?

Wasalaam,
Mjomba wako, Bagamoyo